Mgomba wa Cishugi

Kazi ya Nabintu ilikuwa kuuliza. Pale Walungu, mji wa Washi, wengine huuza maharagwe, wengine mkaa, wengine hubeba matofali mgongoni. Yeye aliuza maswali, na shemeji yake Zihalirwa alipenda kusema kuwa hiyo ndiyo biashara pekee duniani ambayo muuzaji ndiye anayerudi nyumbani na mzigo.

Watu wa taasisi moja, waliokuwa na ofisi Bukavu juu ya duka la dawa, walitaka kujua jambo ambalo ukilisema upesi huonekana jepesi: kwa nini mtu huacha jembe akashika bunduki. Je, bunduki hulipa kuliko jembe? Ni woga? Ni hasira? Na wale wanaofunga kamba njiani na kutoza wapita njia, kwa nini mahali pengine humvua mtu hadi shati, na mahali pengine huchukua kikombe kimoja tu cha mawese wakasema, "Pita salama, mama, wiki ijayo usitusahau"? Mwalimu Wakenge, Mrega mnene mwenye sauti ya kwaya, ndiye aliyewaongoza waulizaji. Siku ya mafunzo alilieleza jambo hilo hivi:

"Mwizi anayepita hula kuku. Mwizi anayekaa hula mayai. Sisi tunauliza ni nini kinachomfanya mwizi akae."

"Na kuku je, mwalimu?" akasema Nabintu kutoka benchi la nyuma. "Kuna anayemuuliza kuku?"

Watu wakacheka. Wakenge naye akacheka, tumbo likitikisika, kisha akamchukua kazini.

Jambo ambalo Wakenge hakulijua ni kwamba Nabintu alikuwa na swali lake mwenyewe, nalo halikuwa la taasisi. Mume wake, Cishugi, alikuwa fundi cherehani. Bei ya madini ya koltani ilipopanda na misitu ya Warega ikajaa wachimbaji, alibeba cherehani yake ya mkono begani akawafuata, kwa sababu hakuna mahali suruali hupasuka kama kwenye mashimo. Alikwenda na kurudi misimu kadhaa. Kisha akaenda, asirudi.

Maneno yalirudi badala yake. Mmoja alisema ameoa Kindu, mwingine kwamba amechukuliwa abebe mizigo ya wenye bunduki. Mwanamke mmoja wa sokoni aliapa kwa Bikira Maria kwamba amemwona Uvira, amenenepa. Nabintu aliyasikia yote, akalea binti yao Ansima, na kazi ya kuuliza ilipotokea aliikimbilia kama mtu aliyesikia jina lake. Taasisi ilikuwa na sheria: muulizaji hapelekwi kijiji ambacho njia yake ilimmeza jamaa yake. Siku ya kujiandikisha aliulizwa habari za mume. Akajibu, "Yuko safarini."

*

Mama mkwe wake aliitwa M'Karhibula. Kwa miaka yote hiyo alikataa matanga ya mwanawe. Wakimletea habari za kifo, huuliza, "Yuko wapi nimwone?" Wakimletea habari za uhai, huuliza hilohilo. Lakini mwaka ule kifua kilianza kumbana, na Jumapili moja baada ya misa aliwaita Nabintu na Zihalirwa jikoni, akasema akiwa anachambua maharagwe, bila kuinua macho:

"Jumamosi ya baada ya hii mtakata mgomba uwe mwili wake. Tumzike."

Zihalirwa alikuwa ameketi mlangoni akitafuna muwa. Akautema. "Mama, tuzike mgomba, na aliyemuua mwanao anakula ugali wake mahali fulani?"

"Nani amesema aliuawa?"

"Basi alianguka mtini. Cishugi alikuwa nyani."

"Usimtukane marehemu."

"Ahaa! Sasa amekuwa marehemu."

"Zihalirwa," Nabintu akasema, "acha mama apumue."

"Nyamaza, shemeji. Wewe unauliza dunia nzima, hata wachawi umewauliza. Umerudi na nini? Dawa ya mbu na fulana yenye picha ya njiwa." Alisema hivyo akicheka, lakini kicheko hakikufika machoni. "Mimi sina maneno mengi. Tukizika, naleta mke hapa nyumbani, nalima, nazeeka. Lakini siku nikisikia jina, jina moja tu, sitaketi. Rafiki yangu Mushagalusha ameniambia kule msituni, kwa wenye bunduki, nafasi ipo. Wakijua una kisa, hawakuombi hata mafunzo."

M'Karhibula akaendelea kuchambua. Kijana asingeweza kuleta bibi arusi katika boma ambalo matanga ya kaka yake hayajafungwa, na bibi kizee alilijua hilo. Nabintu akaelewa hapo kwamba mgomba ule haukuwa wa mtoto aliyepotea. Ulikuwa wa huyu aliyebaki mlangoni na muwa.

Kesho yake aliondoka kwenda kazini.

*

Kijiji kilikuwa kando ya mto, mbali ndani ya nchi ya Warega, safari ya pikipiki na baadaye ya miguu. Kazi yao ilikuwa na mtindo wake. Kwanza waliwakusanya wakongwe na wauza soko wakajenga historia ya kijiji pamoja, mwaka kwa mwaka, kwa sababu hakuna anayekumbuka tarehe lakini wote hukumbuka mwaka ambao daraja lilichukuliwa na maji, au mwaka ambao padri alizama. Ndipo wakaenda nyumba kwa nyumba, mmoja mmoja, faraghani.

Nabintu aliipenda sehemu hiyo ya pili, na akaiogopa. Kwa miaka hiyo ya kuuliza alikuwa amejifunza mambo ambayo hakuna aliyemfundisha. Aligundua kuwa wanaokwenda msituni wako wa aina mbili. Wapo waliokwenda kwa sababu ya tumbo, na hao bei ya madini ikianguka huonekana wamerudi, wamekonda, wakiomba kazi ya kubeba mchanga, na wake zao huwakaripia, maisha yanaendelea. Na wapo waliokwenda kwa sababu ya kaburi. Hao hakuna mshahara unaowapeleka, na hakuna mshahara unaowarudisha. Aliwauliza wengi waliotangulia kwa njia hiyo ya pili, au mama zao. Hakuna hata mmoja aliyemwambia: nilikwenda nikalipiza, nikamaliza, nikarudi kulima.

Kwa maswali mazito walikuwa na mfuko wa kitambaa. Mjibu alipewa harage na punje ya hindi. Harage ni ndiyo, hindi ni hapana. Aliulizwa, kisha muulizaji akageuka kutazama ukuta, naye mjibu akadumbukiza moja mfukoni, ambamo zilikwishaingia za kijiji kizima. Hivyo taasisi ilijua wangapi wametenda, na hakuna aliyejua ni nani. Sheria ilisema muulizaji anyamaze. Lakini Nabintu aliona watu wakisita, wakidhani anachungulia au anatega sikio kusikia mlio, kwa kuwa harage halianguki kama hindi. Basi akazoea kuguna wimbo, ili mtu ajue masikio yake yana kazi nyingine. Wimbo wenyewe haukuwa na maneno. Ulipanda kidogo kidogo, halafu ukashuka ghafla, kama mtu aliyechoka na kuketi.

Mtu mmoja, ambaye jina lake halitatajwa hapa, kwa sababu Nabintu hajawahi kumtajia aliye hai, alikuwa akisuka mgono wa kunasia samaki barazani kwake. Mke alikuwa shambani. Alikuwa mpole, mcheshi hata. Alipoulizwa kama aliwahi kuishi na wenye bunduki alisema, "Mama, hapa hata mbuzi wamewahi kuishi na wenye bunduki." Alipoulizwa kwa nini alijiunga, akasema kwa sababu ya bati. Alitaka kuezeka kwa bati.

"Ukapata?"

"Tazama juu."

Nabintu akatazama. Yalikuwa majani.

Wakacheka wote wawili. Ndipo akampa harage na hindi, akamsomea swali: siku zile za kizuizi, uliwahi kushiriki kumdhuru mpita njia? Akageukia ukuta. Akaanza kuguna.

Hakusikia kitu kikianguka. Akaguna tena kutoka mwanzo.

"Mama," ile sauti ikasema. "Nyamaza, tafadhali."

"Samahani, papa. Ni ili ujue sichungulii."

"Huo wimbo umeutoa wapi?"

"Ni wa nyumbani tu."

"Una mwenyewe."

"Wimbo una mwenyewe?"

"Huo unaye." Nabintu alipogeuka, mtu yule alikuwa amefumba ngumi, harage na hindi vyote ndani, na mgono umeanguka miguuni. "Usiniulize kwa mfuko. Niulize kwa mdomo. Nimechoka nao."

Hakumwuliza. Alikaa kitako juu ya kinu kilichopinduliwa, na mtu yule akaanza kusema mwenyewe, akitazama mikono yake.

"Tulikuwa na kamba pale chini ya kilima. Kamanda wetu alikuwa mtu wa hesabu. Alituambia msimkamue mtu hadi alie, akilia hatarudi. Mwenye mawese, kikombe. Mwenye madini, kijiko. Palikuwa na fundi mmoja, Mshi, mwenye cherehani ya mkono. Gurudumu lake la chuma lilivunjika akachonga la mti, akalipaka mafuta, likawa linazunguka vizuri kuliko la kiwandani. Huyo hakutoa kitu. Ushuru wake ulikuwa mishono. Akifika anaketi kwenye gogo, anatushonea suruali, anaguna huo wimbo wako. Mimi alinipima kwa kamba ya mgomba, akaniambia, wewe bwana una mabega ya askofu. Alitujua kwa majina. Tulikuwa tunamngoja kama mnavyongoja posta."

Mikono ya Nabintu ilikuwa imeshika kingo za kinu.

"Halafu tukasikia kundi jingine linakuja, lenye nguvu. Tungehama. Kamanda akasema sasa chukueni. Mama, mtu anayehama hana haja na kesho ya mwenzake. Wale tuliokuwa tunawaambia mrudi salama, tuliwavua viatu. Habari ilikwisha kuenea, wafanyabiashara walikuwa wanapita porini, wanazunguka. Yeye peke yake ndiye aliyekuja kwa njia, moja kwa moja, cherehani begani, anatuita majina kutoka mbali. Alijua ni kizuizi chake."

"Hamkumwonya?"

"Nani amwonye? Kamanda alisimama pale. Alitaka cherehani. Fundi akacheka, alidhani ni mzaha. Alipoona si mzaha akaikumbatia. Akasema nichukueni viatu, hii siachi, mtoto wangu anakula kwenye hii." Kuku akapita kati yao. "Mimi ndiye niliyeambiwa."

Kisha Nabintu akasikia sauti ya mwanamke ikiuliza swali linalofuata, kama linavyofuata kila siku, kila nyumba, na sauti ile ilikuwa yake.

"Ulilipwa nini?"

"Shati lake. Kamanda alichukua cherehani. Mimi nikapewa shati." Akavuta pumzi. "Nikalivaa. Lilinitosha. Hilo ndilo linalonila, mama. Lilinikaa kama amelishona kwa ajili yangu. Nikalichoma, lakini mabega yangu bado yanalikumbuka. Na ile mashine naisikia. Watu husema wafu huja usiku. Huyu huja mchana, nikianza kusuka. Krr, krr, krr, halafu wimbo. Wewe ulipoanza kuguna nilidhani ni yeye. Nikasema, leo ameamua kuingia."

"Mlimzika wapi?"

Akamtazama. "Swali hilo limo kwenye maswali yako?"

"Limo," akasema Nabintu.

*

Walikwenda wote wawili, yeye mbele, Nabintu nyuma hatua kadhaa, kama mke na mume wanaotoka shamba. Njiani walikutana na wanawake wenye vikapu wakasalimiana. Mtu yule aliwatania, mmoja akamjibu kwa Kirega, na vicheko vikabaki nyuma yao muda mrefu. Nabintu alijiuliza jinsi dunia inavyoweza kubeba vitu viwili hivyo juu ya kichwa kimoja, kikapu na hiki, bila shingo kuvunjika.

Walipotokea mahali pa kamba mtu yule akasimama. Akanyoosha mkono, kisha akaushusha, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuonyesha. Kilima hakikuwepo. Palikuwa na mashimo, na mifereji ya maji iliyokatwa juu kwa juu, na mchanga uliooshwa hadi ukawa mweupe, na matope ya rangi ya chai yakiteremka kwenda mtoni. Vijana wawili waliopakaa udongo hadi kope walikuwa wakipiga soga kando ya beseni.

"Baada yetu waliona dhahabu hapa," mtu yule akasema. "Walipindua kila kitu. Nilikuja kuangalia, wallahi nilikuja. Nilikuta wameshaosha. Mti niliomlaza chini yake haupo. Udongo wote umekwenda na maji."

"Mifupa?"

"Niliuliza. Wachimbaji hawajibu hilo. Wanaogopa shimo litawafungia, lisitoe tena dhahabu."

Nabintu alisimama. Alikuwa amejiandaa kwa miaka, bila kujua amejiandaa, kupiga magoti mahali fulani. Sasa hapakuwa na mahali. Alitazama maji yale ya chai, akafikiri kwamba huenda mume wake amepita daraja, amepita maporomoko, amekuwa tope la shamba la mpunga la mtu asiyemjua, akafikiri pia kwamba hata kumlilia hajui aelekee wapi.

"Alikuwa na mke," mtu yule akasema polepole. Hakumtazama. "Alikuwa anatusimulia. Mke wangu, anasema, huuliza maswali kuliko hakimu. Nikichelewa kurudi nashitakiwa kabla sijavua viatu." Sasa akamgeukia. "Mama Ansima."

Nabintu hakuitikia, na kutoitikia kwake kukawa jibu.

Mtu yule alipiga magoti kwenye matope. Hakulia. Alitazama nyuma ya Nabintu, njiani. "Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

"Nyuma yako kuna wanaume?"

"Yupo mmoja."

"Anajua?"

"Bado."

"Nikimbie?"

Alikuwa na watoto; Nabintu aliwaona asubuhi, mmoja na tumbo la minyoo. Wangekimbilia wapi? Angejiunga tena na nani ili alindwe? Aliona njia yote mbele yake kama anavyoiona akikaa na Wakenge kupanga majibu: Zihalirwa anasikia jina, Zihalirwa anaingia msituni, huyu anasikia, huyu naye anarudi msituni, halafu mtoto wa tumbo la minyoo anakua, naye ana kisa. Kama angekuwa na mfupa, hata wa kidole, angempelekea M'Karhibula, na bibi kizee angekuwa na cha kushika wakati wanaume wanapiga kelele. Lakini hakuwa na mfupa. Alikuwa na jina tu, na jina lisilo na mfupa halizikwi. Lina kazi moja.

"Simama," akamwambia. "Watu wanatutazama."

"Niambie nifanye nini."

"Mimi ni muulizaji, papa. Majibu sinayo." Kisha, kwa kuwa bado alikuwa amepiga magoti na wale vijana wa beseni wameacha soga, akasema kwa ukali, kama mtu anayemkaripia mume wake, "Simama, nimesema! Nenda kasuke migono yako!"

Jioni Wakenge aliona Nabintu hajala. Alimsogezea sahani ya sombe ya majani ya muhogo. "Yaya, dada yangu, mbona umekuwa hivyo? Kuna aliyekutisha?"

"Mwalimu, yule mwizi anayekaa. Hivi kuku anajuaje siku ambayo mwizi ameamua kuondoka?"

Wakenge akafikiri. Alikuwa mtu mwema, alifikiri kweli. "Hajui," akasema. "Ndiyo maana ni kuku."

*

Jumamosi walikata mgomba. Zihalirwa ndiye aliyeuchagua, mnene, ambao ulikuwa haujazaa, akaukata kwa urefu wa kaka yake. Alisimama mwenyewe kando yake apime, kwa sababu walilingana. Wanawake waliuosha kama wanavyoosha mtu. M'Karhibula aliufunika kwa kitenge chake cha harusi, akakataa kusaidiwa. Kasigisi, pombe ya ndizi, ilipikwa, majirani walijaa, katekista alisali kwa kifupi kwa sababu hakuwa na uhakika kama paroko angependa.

Kabla ya kufukia ipo desturi. Watu hurudi nyuma hadi kwenye ua, na mjane huachwa peke yake na mgomba. Anainama kwenye kichwa chake na kumwambia marehemu mahali alipoishia, ili roho iliyobaki njiani isikie na ijue njia ya kurudi. Wajane wa watu waliopotea hawana cha kusema hapo. Huwa wanasema, "Popote ulipo, njoo," wanainuka. Ni neno la pumzi moja.

Nabintu aliinama. Maji ya mgomba yalikuwa yakitoka polepole kwenye mkato, yakilowesha kitenge. Akafungua mdomo aseme popote ulipo, na kikamtoka kingine. Akamwambia habari ya kilima. Akamwambia kamba, na gogo alilokuwa akikalia, na kamanda, na siku ambayo wenzake wote walizunguka porini yeye akaja kwa njia akiita majina. Alimgombeza kwa hilo, kwa sauti ya chini, kama angemgombeza mlangoni kabla hajavua viatu: uliona wapi kizuizi kikawa na rafiki? Akamwambia mto, ukipita wapi na wapi, ili aufuate kwa kurudi nyuma. Mwishoni akamtajia lile jina. Ni mtu mmoja tu aliyekuwa na haki ya kulisikia, naye hakuwa na mikono.

Akainuka. Pale uani watu walikuwa wakimtazama. M'Karhibula alikuwa amefumba macho. Zihalirwa alikuwa amesogea mbele ya wengine, jembe mkononi, na alikuja hadi akasimama karibu, mabega yaleyale ya kaka yake, kimo kilekile.

"Shemeji. Wengine husema neno moja."

"Nilikuwa na deni la maneno."

"Umesikia kitu huko ulikokwenda." Alisema kwa sauti ndogo, midomo haikusogea sana. "Usinidanganye. Nimekuwa nikikutazama tangu uliporudi. Unatembea kama mtu aliyebeba maji kichwani. Ulikuwa unamwambia nini?"

Nyuma yake, uani, Mushagalusha alikuwa ameketi na kibuyu cha kasigisi, akiwatazama.

"Nilikuwa namwambia kwamba wewe hutoki hapa nyumbani," Nabintu akasema.

Zihalirwa akamkazia macho. Ilionekana kama atauliza tena, na Nabintu alijua kwamba akiuliza mara ya pili, pale pale, mgomba ukiwa bado wazi, hatakuwa na nguvu ya kujibu uongo.

"Na yeye alisemaje?" Zihalirwa akauliza. Ilikuwa dhihaka, lakini sauti ilipasuka katikati.

"Alinyamaza. Tangu lini kaka yako akapenda ugomvi?"

Kijana akatoa kicheko kifupi, kikageuka njiani kikawa kitu kingine, akajifuta kwa mkono wenye udongo. "Kweli," akasema. "Mwoga yule. Alikuwa anakimbia hata bata." Kisha akaingiza jembe kwenye kifusi, akaanza kufukia, kwa pupa, akirusha udongo hadi kwenye sketi ya shemeji yake, na M'Karhibula akamwita kutoka uani, "Taratibu, wewe! Mtandike vizuri!"

Zihalirwa alioa baada ya mavuno. Mwanamke ana maneno, wanapendana, wanarushiana sufuria. M'Karhibula aliishi hadi akamshika mjukuu, akafa kitandani kwake, akazikwa mwili mzima. Nabintu bado anauliza maswali vijijini, lakini akifika penye mfuko wa kitambaa anageukia ukuta na kukaa kimya, hata watu wakisita.

Na siku za soko, watu wa kutoka msituni wakiteremka na mawese na migono ya kuuza, yeye hutembea upande wao, Zihalirwa upande wa pili. Nyumbani wamezoea kusema kwamba shemeji huyu anapenda kupanga hata namna watu wanavyotembea. Hawajui kwamba hutazama kila mtu mabegani kwanza, kabla ya uso, na kwamba akihisi tu yanafanana na ya yule msuka migono, humshika Zihalirwa mkono, akamwonyesha kitu chochote kilicho upande mwingine.